Watoto wa Siwema

Kila kijana wa kompyuta anayefika kwangu Bigwa, akishatoa shikamoo na kusifia migomba ambayo hajui hata ni ya aina gani, huniuliza swali moja: "Mama, kwa maoni yako, kanzidata ipi ni bora?" Mimi humjibu kwamba bora ni ile ambayo ikikosea, yupo mtu wa kumwambia na akasikia. Wengi hucheka kwa adabu wakidhani umri umeanza kunichezea. Haujaanza. Nimestaafu tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilitunza kanzidata ya hospitali moja hapa Morogoro. Sitaitaja, waliofanya kazi pale wataitambua, na kwa wengine jina halina faida. Nataka kuwasimulia jinsi programu tuliyokuwa tunaitegemea ilivyonunuliwa na kampuni kubwa ya mbali, jinsi baadhi ya watu walioitengeneza walivyoondoka na nakala ya msimbo wake, yale maandishi yanayoijenga, wakaanzisha tawi lao kwa jina jingine, na jinsi sisi huku chini ya milima tulivyolazimika kuamua tumfuate nani. Nyinyi jambo hilo mnaliita foku, na mnalitamka kirahisi kama mtu anayebadilisha laini ya simu. Kwetu lilikuwa zito, kwa sababu ya watoto.

Hospitali ilikuwa na kliniki ya selimundu. Huo ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wake wote wawili. Ukimgundua mtoto mmoja, kazi ndiyo kwanza inaanza, maana inabidi uwatafute ndugu zake wa tumbo moja, na ikiwezekana watoto wa mama zake wadogo na wakubwa, wapimwe. Mtoto mwenye selimundu asiyejulikana anaweza kuondoka kwa homa ambayo mwenzake analala nayo siku mbili akainuka. Wagonjwa wetu wengi walitoka juu Uluguru, sehemu ambazo gari hufika kiangazi tu. Kila mwezi mashine ilitoa majina, ukoo kwa ukoo, na wahudumu wa afya wa vijiji walipanda nayo milimani. Jina lisipotoka kwenye mashine, hakuna aliyekwenda kupiga hodi kwenye nyumba ile.

Sasa kwa nini ukoo kwa ukoo. Mimi ni mtu wa Tukuyu, na kwetu mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Wenzangu wa kitengo walitoka Kilimanjaro, Musoma na Iringa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa mfumo wetu wa kwanza ulipomtafuta mtoto kwa jina la baba. Ulituaibisha mapema. Mtoto huyohuyo leo ameletwa na mama, kaandikwa kwa jina la baba. Safari ijayo kaletwa na mjomba, karani kamwandika kwa jina la mjomba. Safari nyingine baba yuko Mtibwa anakata miwa na bibi kaona haina haja ya kumtaja. Mtoto mmoja, mafaili matatu, na kila faili linasema ni mara yake ya kwanza kufika.

Aliyetunyoosha ni Mzee Kibwana, mkuu wa masjala, Mluguru wa juu kule Choma. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, anayevaa sweta hata Januari. Alisoma mchoro wangu wa mfumo kwa makini, akavua miwani.

"Binti, huku kwetu baba ni mgeni wa heshima," alisema. "Tunampikia, tunamtandikia. Lakini ukitaka kumpata mtoto, andika mama yake. Andika lukolo ya mama yake. Halafu andika nyumba, yule bibi ambaye wote wanajihesabu wametoka kwake. Hao hawahami."

Lukolo ni ukoo, na Mluguru huupata kwa mama. Tukaongeza safu mbili kwenye jedwali, lukolo na nyumba, na mafaili yakaanza kukutana yenyewe. Kuanzia hapo tulielewana, mimi na mzee yule.

Yeye ndiye aliyenifundisha kanuni ambayo baadaye nilikuja kuikuta kwenye vitabu vya watu wenye shahada kubwa: ukiibadilisha mashine, iulize jambo ambalo jibu lake tayari unalo. Yeye alikuwa nalo. Kwa desturi yao mjomba ndiye mwenye dhamana ya watoto wa dada zake. Lazima awajue wote, aliyezaliwa jana na aliyehamia Gairo. Na karibu wote walikuwa wamesajiliwa hospitalini kwetu. Kwa hiyo kila tulipoweka toleo jipya, kabla sijawafungulia watu wa mapokezi, nilimwita. Niliandika lukolo yake na nyumba ya bibi yake, Siwema, mashine ikamwaga majina. Yeye alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni, akiitikia kila jina kwa kichwa kama mwalimu wa zamu anayeita mahudhurio. Akifika mwisho alisema, "Wapo," akarudi masjala. Huo ndio uliokuwa ukaguzi wetu wa ubora, na sijaona mwingine ulioushinda.

Msidhani kila alichogusa kilikwenda sawa. Tulikubaliana diski ya nakala rudufu isikae hospitalini, ikae mbali, moto au mafuriko yakija yasichukue vyote. Mzee Kibwana akajitolea kuipandisha kwao Choma. Tulitulia kabisa, mpaka siku nilipotaka kujaribu kama nakala inarejesheka. Diski ikarudi imefungwa vizuri kwenye kitenge, ina joto, ina unyevu, inanukia ndizi mbivu. Kumbe katika nyumba nzima ile, sehemu ambayo mtoto haruhusiwi kusogea wala mgeni hachungulii ni mahali wanapovundika ndizi, na mkewe aliona hakuna usalama uzidio huo. Diski haikufunguka tena. Kwa bahati ile ya hospitalini ilikuwa nzima, kwa hiyo tulicheka. Lakini sikilizeni: nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha usiiite nakala, hata ikikaa benki. Na katika kila nakala, tunza moja ya maandishi matupu, ambayo programu yoyote inaweza kuisoma. Nitaeleza kwa nini.

Habari za kununuliwa kwa programu tulizipata kama kila mtu, kwenye mtandao. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imenunuliwa na nyingine, na hiyo nayo ikanunuliwa na kubwa zaidi, ambayo yenyewe ilikuwa ikiuza kanzidata ya bei mbaya. Vijana wangu kitengoni walikasirika sana. Mimi sikukasirika. Vitu vinauzwa, ndiyo dunia. Nilichofanya ni kuanza kusoma orodha ya hitilafu, ule ukurasa ambapo yeyote alikuwa anaweza kuandika kwamba hiki hakifanyi kazi na kuona nani anajibu. Zamani wale watengenezaji walikuwa wakijibu wenyewe, mara nyingine kwa ukali. Taratibu majina niliyoyazoea yakapotea pale. Nilikuja kuyakuta kwenye orodha ya tawi jipya, wakigombana vilevile. Ukitaka kujua mradi uko hai, usisome matangazo yake. Angalia kama watu bado wanabishana kuhusu mambo madogo.

Ndipo likaja toleo jipya la kwanza chini ya wenye mali wapya. Tulihitaji kulipandisha, maana la zamani lilikuwa limeachwa bila marekebisho ya usalama, na mfumo wa kutuma taarifa wizarani ulikuwa unataka jipya. Nikalijaribu kwenye mashine ya pembeni kwanza, nikamwita Mzee Kibwana. Akaanza kuitikia kwa kichwa. Majina yakaisha. Yeye hakurudi masjala.

"Mzee, wapo?"

"Hawapo," alisema. "Siwema yuko wapi?"

Siwema aliyemuulizia hakuwa yule bibi wa zamani, ambaye alishakufa kabla umeme haujafika Morogoro. Alikuwa mjukuu wa Bi Mwajuma, dada yake Mzee Kibwana, mtoto wa kike wa darasa la pili mwenye selimundu, aliyepewa jina la bibi. Nikamtafuta kwa namba ya faili: yupo. Nikamtafuta kwa lukolo peke yake: yupo. Kwa nyumba peke yake: yupo. Kwa vyote viwili pamoja, ambavyo ndivyo tulivyotumia kutoa majina ya kila mwezi: hayupo. Data ilikuwa salama kabisa. Mashine ilikuwa inampita mtu aliye mbele yake, na haikutoa onyo lolote.

Hapo nilishikwa na hofu, nasema kweli. Kama si mzee yule kusimama nyuma ya kiti, tungeliweka toleo lile na mwezi uliofuata majina yangepanda milimani bila mtoto yule, na mwezi baada ya huo vilevile. Na kama amerukwa huyu ambaye mjomba wa mama yake yuko masjala, wangapi wamerukwa ambao hawana?

Tukabaki kwenye toleo la zamani, na suala likaenda kwa katibu wa hospitali, Bwana Mushi, mtu wa Kibosho, mkarimu, mpenda utaratibu. Msimamo wake ulikuwa wazi. Tungoje kampuni irekebishe, ikibidi tuingie nayo mkataba.

"Mama Sekela, sasa hivi hiki kitu kina mwenyewe," aliniambia. "Zamani ukiuliza ni cha nani, unaambiwa cha wote. Mimi sijui namna ya kumwandikia barua wote. Leo unataka nikamweleze mkurugenzi kwamba tunaacha kampuni ya jengo la ghorofa tunafuata watu wanaoandikiana barua pepe?"

Nilimwambia ndicho nilichokuwa naomba. Nilieleza kuhusu leseni: kwamba msimbo ule ulitolewa tangu mwanzo kwa ruhusa ya kila mtu kunakili, kubadilisha na kugawa kwa masharti yaleyale, na ruhusa hiyo ikishatolewa hairudi. Kampuni ilinunua jina, ofisi, vitabu vya maelekezo, na haki ya kuuza kwa masharti mengine. Bwana Mushi alinisikiliza kama mtu anayesikiliza dawa ya kienyeji ikielezwa.

Mzee Kibwana, ambaye nilimwomba aje kueleza habari ya mtoto, alikohoa. "Katibu, nikuulize. Mwanaume kaoa, katoa kila alichotajiwa, kajenga na nyumba. Kwenu wakiachana, watoto wanakwenda wapi?"

"Wanabaki kwa baba. Si ameoa?"

"Kwetu wanaondoka na mama. Nyumba inabaki, na bati lake, na mwenye nyumba anaitwa mwenye nyumba. Lakini watoto ni wa lukolo ya mama, walikuwa hivyo kabla hajaja kuposa, na alijua."

Bwana Mushi alinigeukia. "Kwa hiyo kampuni imeoa."

"Imeoa," alisema Mzee Kibwana. "Haikuzaa."

Katibu alicheka mpaka akatafuta leso. Baadaye mwanasheria mmoja aliniambia mfano ule una mashimo, na ni kweli unayo. Lakini ulifanya kazi ambayo maelezo yangu ya nusu saa hayakuifanya. Bwana Mushi akaamua hivi: niziandikie pande zote mbili, kampuni na tawi, hitilafu ileile kwa maneno yaleyale. Masika yakiisha, barabara za juu zikifunguka, tutamfuata atakayekuwa amemrudisha mtoto.

Kampuni ilijibu haraka, kwa barua iliyoandikwa na mashine. Baada ya muda ikaja nyingine: tatizo halikuweza kuthibitishwa, limefungwa, wateja wenye mkataba wapitie mlango wao. Sikuwachukia. Walikuwa na wateja wao, na sisi hatukuwa miongoni mwao.

Upande wa tawi alijibu mtu ambaye mpaka leo sijui ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu anatumia jina la herufi chache. Alisema kwake tatizo halitokei. Tawi lenyewe lilikatwa kutoka msimbo uleule, kwa hiyo kama ugonjwa upo basi wao pia wameurithi, lakini hawezi kutibu asichokiona. Nitume data inayolionyesha.

Hapo ndipo tulipokwama. Faili la mgonjwa halitoki hospitalini, na barua za tawi zinasomwa na dunia nzima. Nikaamua kutunga familia. Akili ilikuwa imechoka, nikachukua vituo vya reli: nyumba ya bibi Kingolwira, binti zake Mikese na Ngerengere, wajukuu Kidugallo na Ruvu, nikaendelea mpaka reli ikakaribia Dar es Salaam. Nikatafuta kwa lukolo na nyumba kwenye ile mashine ya pembeni. Vituo vyote vikatokea, hakuna aliyerukwa. Nikaongeza Kilosa na Kimamba, nao wakatokea. Ilikuwa familia yenye afya kuliko zote mkoani.

Mzee Kibwana alipita, akainama kusoma. "Ukoo gani huu?"

"Wa kutunga, Mzee."

"Naona. Maana hamna hata mtoto mmoja aliyepewa jina la bibi yake. Watu gani hao hawakumbuki wazee wao?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nikafuta jina la mjukuu mmoja, nikamwita Kingolwira. Nikatafuta tena, naye akapotea. Hiyo ndiyo ilikuwa hitilafu yenyewe: pale jina la mtoto lilipofanana na jina la nyumba yake, mashine ilipopitia faharasa mbili, ya lukolo na ya nyumba, kwa pamoja ilimwona ameshahesabiwa, ikampita. Wale waliotengeneza programu, kampuni na tawi, hawakuiona kwa sababu majaribio yao yalijaa majina yasiyojirudia. Huku milimani hakuna nyumba isiyo na mtoto mwenye jina la bibi.

Nilituma Kingolwira yangu nikidhani mambo yameisha. Lakini yule wa tawi alipoona, aliomba zaidi: familia kubwa, vizazi kadhaa, majina yanajirudia kama yanavyojirudia kweli, ili jaribio likamate na zile sura za hitilafu ambazo hatujazifikiria. Kutunga kitu cha namna hiyo nilishindwa. Kila nilichotunga kilikuwa kimenyooka mno.

"Chukua wafu wangu," alisema Mzee Kibwana.

Nilidhani anatania.

"Hawana faili. Hawaji kliniki. Lukolo yetu naijua mpaka kwa Siwema wa kwanza na waliomtangulia. Siwema wako wengi, Mwantumu wako wengi, Tatu ndiyo usiseme. Lakini si wangu peke yangu. Ngoja nikaulize."

Akapanda Choma mvua ikinyesha, akakaa na Bi Mwajuma na wazee wengine wa lukolo. Sijui aliwaelezaje jambo lile. Nilipomuuliza alisema aliwaambia kuna mashine inayoruka watu na inatakiwa kufundishwa. Aliporudi alikuwa na ruhusa yenye sharti. Majina yasibadilishwe, na asirukwe mtu.

Tulikaa masjala, yeye akitaja, mimi nikiandika: mtu, mama yake, nyumba. Hakuwa na karatasi. Mara mojamoja alisimama, akafumba macho, akarudi nyuma kizazi kimoja kama mtu aliyesahau kufunga mlango, akaendelea. Wengine walikufa wachanga. Niliuliza kama hao nao, akaniangalia mpaka nikaandika. Tulipomaliza niliiuliza mashine lile swali la lukolo na nyumba, na kila Siwema baada ya wa kwanza akatoweka, na Mwantumu na Tatu walioitwa majina ya nyumba zao nyingine za lukolo wakafuata. Nikatuma.

Jibu lilikuwa la maneno machache: nimeliona. Siku chache baadaye marekebisho yalikuwa tayari, na yule mtu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliichukua familia yote ile akaiweka ndani ya msimbo wa tawi, kwenye majaribio ya kudumu, kwa jina nililoliandika juu ya faili: watoto wa Siwema. Kama hamjui, programu ya namna hii ina maelfu ya majaribio madogo. Kila toleo kabla ya kutoka hupitishwa kwenye yote. Moja likishindwa, toleo halitoki.

Tulihama Ijumaa mchana, wakati wa swala, mapokezi yakiwa matupu. Wataalamu wengi huhama usiku wa manane. Mimi sijawahi kuona mtu anayefikiri vizuri saa hizo. Kwa wakati ule tawi na mama yake walikuwa bado wanasoma data kwa namna moja, kwa hiyo ilikuwa kuondoa hii na kuweka ile, na mafaili yakabaki palepale. Jihadharini na urahisi huo. Matawi hukua. Miaka ikienda kila upande unaongeza vyake, na siku ukitaka kurudi unakuta mlango haupo. Ndiyo maana nilisema mtunze nakala ya maandishi matupu. Mzee Kibwana alitoka msikitini na kanzu yake, akasimama nyuma ya kiti. Majina yakashuka. Siwema wa darasa la pili alikuwa katikati yao.

"Wapo," alisema, akaenda kula.

Sitaki mdhani nawahubiria kwamba wanaoondoka na msimbo ni watakatifu na wanaonunua ni waovu. Tawi letu nalo lilipata kampuni yake, ikawa na ugomvi wake, kuna wakati maelekezo yake yalikuwa pungufu kwa sababu vitabu vilibaki kwa mnunuzi na vipya vilibidi viandikwe upya. Nimeona matawi mengine yakinyauka kwa sababu waliondoka wenye hasira wakabaki nyuma wenye kujua kazi. Na ile kampuni, nasikia siku hizi imerekebisha mengi. Mkinunuliwa, msikimbilie kuhama wala kubaki. Tafuteni nani anajibu.

Mzee Kibwana alistaafu kabla yangu, akarudi juu kwenye migomba. Alikuwa akishuka mjini mara mojamoja na kuniuliza, "Wale wazee wanaendeleaje?" Nami kila toleo lilipotoka nilikuwa nikimwambia wamepita salama. Alilipenda sana neno hilo. Alifariki miaka michache baada ya mimi kustaafu. Niliumia kuliko nilivyotegemea, kwa mtu ambaye hatukuwahi kuzungumza mengi nje ya kazi.

Nilipanda Choma kwenye arobaini yake. Baada ya dua Bi Mwajuma aliniita ndani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniachia mkono.

"Wewe ndiye uliyewapeleka wazee wetu Ulaya?"

"Hawako Ulaya tu, Bibi. Wako kila inakotumika programu ile."

"Hebu niwaone."

Nilikuwa na kompyuta mpakato kwenye mkoba. Tabia ya zamani haijaniacha. Hakuweza kusoma maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea, jina kwa jina, na nyumba kwa nyumba. Siwema wake, mjukuu wake, sasa mwanamke mzima, akiwa amembeba mtoto wa mtu mgongoni, alisimama mlangoni akisikiliza. Bi Mwajuma alikuwa akiitikia kila jina kwa kichwa, vilevile kama kaka yake. Nilipofika mwisho alingoja.

"Na yeye?"

"Nani, Bibi?"

"Kibwana. Mbona hujamtaja?"

"Wakati ule alikuwa hai, Bibi. Tuliandika waliokufa tu."

"Sasa si amekufa?" alisema. "Na tulisema asirukwe mtu."

Wiki ileile, nikiwa hapa Bigwa, nilifungua msimbo wa tawi, nikaongeza mstari mmoja chini ya familia ile: Kibwana, jina la mama yake, nyumba ya Siwema. Nikautuma kama kijana yeyote anavyotuma marekebisho, upitiwe. Aliyeupitia alikuwa yuleyule wa herufi chache. Aliniuliza, kwa adabu, kama utaratibu unavyotaka: mstari huu unapima jambo gani jipya?

Nilikaa nalo swali lile kutwa nzima. Kisha nikamjibu ukweli, kwamba haupimi jambo lolote jipya.

Akaupokea.